Shirika, Kampuni, Shirika: Umilikaji wa Reli ya Mwanza na Msamiati Wake

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza uhusiano uliopo baina ya umilikaji wa reli na maneno yanayoutaja. Mfano ulioteuliwa ni njia ya Tabora hadi Mwanza. Hoja kuu ni kwamba kila mmiliki aliacha alama katika Kiswahili, na kwamba alama hizo huonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye mali.

2.0 Kampuni za Kijerumani

Reli ya kwanza ya Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kampuni binafsi. Ilifika Muheza mwaka 1896, fedha zikapungua, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya kampuni iliyoungwa mkono na Deutsche Bank. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Sarafu ya enzi hizo, Heller, imebaki katika neno *hela*.

Mwanza ilikuwa bado nje ya mtandao huo. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaiunganisha na bandari za ziwa. Hivyo bidhaa za Usukuma zilitoka nje kupitia Kenya, ingawa nchi ilitawaliwa na Wajerumani.

3.0 Waingereza na Jumuiya

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliimiliki Reli ya Kati, na mwaka 1928 tawi la Tabora–Mwanza, lenye takribani kilometa 380, likakamilika. Sasa pamba ilikuwa na njia mbili za kufika baharini. Wakulima waliipata nguvu yao mahali pengine: mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ushirika ulimiliki vinu vya kuchambulia pamba. Behewa lililoibeba lilibaki mali ya mwingine. Tangu 1948 mwingine huyo alikuwa shirika la Afrika Mashariki lililosimamia reli na bandari za nchi tatu.

Kutokana na kazi hii msamiati ulikua kwa njia mbili. *Stesheni*, *reli* na *tiketi* yalikopwa. *Taruma*, ambalo kwa mabaharia wa pwani ni ubao wa kuimarisha chombo, lilihamishwa na kutaja ubao au chuma kinacholalia reli. Lugha ya jahazi ikapanda bara pamoja na njia.

4.0 Kutoka Shirika Kurudi Shirika

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kwa Kampuni ya Reli Tanzania, ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali 49. Mkataba ulikuwa wa miaka 25, lakini mwaka 2011 hisa zote zilikuwa zimerejea serikalini. Sheria ya mwaka 2017 ikalirudisha Shirika.

Mabadiliko hayo ya jina si ya mapambo tu. *Shirika* lina asili moja na kitenzi *kushiriki*. *Kampuni* halibebi maana hiyo masikioni mwa msemaji. Kwa mkazi wa Buhongwa, kata ya kusini mwa Jiji la Mwanza kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, tofauti hupimwa kwa jambo lionekanalo: reli ikidhoofika, mzigo huhamia kwenye malori yapitayo hapo, na nauli ya shehena humrudia mlaji katika bei. Aidha, mtu huweza kuambiwa kwamba reli ni mali ya umma bila kuulizwa lolote kuhusu mkataba wake.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2021 ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilometa 341, ulizinduliwa Fela, Misungwi. Treni zake zimekusudiwa kuendeshwa kwa umeme, ilhali wazee wangali wakisema *gari moshi*. Neno hudumu kuliko injini yake. Vivyo hivyo, *shirika* limedumu kuliko wamiliki kadhaa. Linalosubiriwa ni kama wenye pamba, samaki na mchele wa kando ya ziwa watashiriki kwa kweli katika kile ambacho jina hilo linawaahidi.