Habari ya Kwenye Simu: Ipimeni Kabla ya Kufunga Mizigo

(Mazungumzo ya redio kwa familia zilizokimbia vita na kwa viongozi wa mitaa. Yamechapwa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

 

Leo maneno yetu ni ya watu wa Kanyaruchinya: wenyeji wa pale, na ninyi mliopata hifadhi pale. Mahali hapo, kando ya barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru, pamejaa watu na kubaki patupu zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 palijaa waliokimbia vita vya Rutshuru. Mwezi wa Novemba, vita vilipokaribia Goma, wakaondoka mbio. Mwisho wa mwaka 2022 palijaa tena. Mwezi wa Januari 2025 mkabeba tena sufuria, na watoto mgongoni, kuelekea mjini. Baadaye kambi za kuzunguka Goma zikavunjwa. Wengine mkarudi vijijini, wengine mkabaki kwa jamaa.

Katika safari hizo zote, wengi walisikia neno kabla ya kuona kitu kwa macho. Zamani neno lilikuja kwa mdomo wa mpita njia, na uliweza kumtazama usoni ukajua kama anatetemeka au anacheza. Leo linakuja kwa simu: ukurasa wa intaneti, picha ya Facebook, sauti ya WhatsApp. Mwenye simu ni mmoja, lakini wanaoinuka usiku kwa sababu ya simu hiyo ni familia kumi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Simu imeirefusha: mwongo anakaa mbali, hata nchi nyingine, na mama anayebeba mzigo yuko hapa.

Kuna methali nyingine tunayoipenda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndugu zangu, methali hiyo tuiogope kidogo. Tukiamini kila linalosemwa, sisi wenyewe ndio tutakaolileta.

Tuchukue mfano ambao tunaukumbuka. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ililipuka. Moto wa volkano ukateremka mpaka upande wa Buhene, ukakata barabara ya Rutshuru, nyumba nyingi zikateketea na watu wakafa. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, kwa sababu wataalamu waliogopa moto uliokuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Amri hiyo ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na tarehe, ilitaja mitaa kwa majina, na ilitoa sababu. Mtu aliweza kuipima.

Siku mbili baadaye, tarehe 29 Mei, wizara ya mawasiliano ikatangaza kwenye intaneti kwamba mlima mwingine, Murara, nao umelipuka. Watu waliokuwa njiani wakaingiwa na hofu mpya. Saa chache tu zikapita, serikali ikafuta maneno yake: hakukuwa na mlipuko. Ikaelezwa kwamba moshi ulioonekana toka kwenye ndege ulikuwa wa tanuri za makala. Ninyi mnaochoma na kuuza makala mnaujua moshi huo!

Hapo kuna mafundisho mawili. La kwanza, hata ukurasa wa serikali unaweza kukosea. Muhuri peke yake hautoshi. La pili ni kubwa zaidi: aliyekosea alirudi akasema, nimekosea. Hiyo ni alama ya mtu wa kuaminiwa. Ujumbe usio na mwenyewe haurudi kuomba radhi. Unawahamisha, kisha unanyamaza.

Sasa, habari ikikufikia kwenye simu, iulize maswali manne, kama unavyomuuliza mgeni aliyebisha mlango usiku.

Swali la kwanza: wewe ni nani? Tafuta jina la aliyeandika na jina la chombo chake. Soma anwani ya ukurasa herufi kwa herufi. Radio Okapi, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2002 na inayosema pia Kiswahili, anwani yake ni radiookapi.net. Mdanganyifu anaweza kuiba alama yake na rangi zake, kisha akabadili herufi moja ya anwani. Kwenye WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepitishwa mkono kwa mkono mara nyingi. Aliyekutumia ni shemeji yako, lakini aliyetunga si yeye. Usimwamini mtungaji kwa sababu unampenda shemeji.

Swali la pili: umezaliwa lini? Picha ya nyumba zinazowaka inaweza kuwa ya kweli, lakini ya miaka kumi iliyopita, au ya nchi nyingine. Angalia tarehe. Kama haipo, usiitie habari hiyo tarehe ya leo kwa mdomo wako.

Swali la tatu: umejuaje? Je, aliyeandika alikuwepo, au alimhoji aliyekuwepo? Kama anasema tu «inasemekana», basi na wewe hujajua kitu.

Swali la nne: nani mwingine anakujua? Lakini muwe waangalifu. Kurasa tano zilizonakiliana ni shahidi mmoja, si mashahidi watano. Tafuta chombo kingine kilichofanya kazi yake chenyewe. Kuna hata waandishi wa Kongo ambao kazi yao ni kuchunguza uvumi, kama wale wa Congo Check.

Na sisi wa redio mtuulize vilevile. Mwaka 1994, hapa jirani Rwanda, redio RTLM ilitumiwa kuwachochea watu waue majirani zao. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani viongozi wake mwaka 2003. Sauti nzuri redioni si ushahidi.

Najua mtaniuliza: «Risasi zinalia, wewe unataka niulize maswali manne?» Ni haki kuuliza hivyo. Ndiyo maana nasema: angalieni kwanza ujumbe unawataka mfanye nini, na mkikosea mtapoteza nini.

Ujumbe wa kwanza unasema: kimbieni. Ukikimbia bure, umepoteza usiku mmoja na labda debe la maharage. Ukibaki na hatari ni kweli, unaweza kupoteza mtoto. Basi hapo usisubiri uhakika wote. Kusanya watoto, chukua karatasi zako na maji, kaa tayari, huku mtu mmoja akiuliza walio karibu na mahali panapotajwa.

Ujumbe wa pili unasema: rudini, kwenu kumetulia, mkalime. Huu ni mtamu kwa sababu ndio tunaoutamani, na kwa hiyo unahitaji mashahidi zaidi. Mpigie simu mtu unayemjua kwa jina, aliyelala kijijini jana. Muulize: watu wanalala nyumbani au porini? Soko linafanyika? Watoto wanasoma? Mashambani kuna mabomu ambayo hayajalipuka? Kama mnaweza, watangulie watu wazima wachache, na familia ingoje neno lao.

Ujumbe wa tatu unasema: watu fulani ndio adui, ndio walioleta ugonjwa, ndio wanaowauza. Huu ndio wa kuogopwa kuliko yote, maana ukikosea hapo, damu iliyomwagika hairudi. Tukumbuke Ebola, iliyotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ilisemwa sana kwamba ugonjwa haupo, kwamba ni biashara, ni siasa. Waganga wakashambuliwa, mwezi wa Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko aliuawa Butembo. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200. Basi ujumbe unaotaja kabila au jirani yako kuwa adui, usiupeleke mbele hata hatua moja. Uishie kwako.

Mwisho, viongozi, neno lenu ni zito kuliko simu. Mkisema «nimesikia», watu wanasikia «ni kweli». Basi fanyeni hivi. Wekeni daftari la uvumi: siku na saa, kilichosemwa, aliyekileta, mlichokuta mlipouliza. Chagueni watu watatu wa kuuliza, na mmoja wao awe mama, kwa kuwa akina mama sokoni na kisimani wanasikia mengi mapema. Wasio na simu waambiwe kwa mdomo, wasiachwe kuokota vipande. Kama hamjajua, semeni: hatujajua bado, tutarudi saa fulani. Kisha mrudi kweli. Na mkikosea, kusanyeni watu walewale, mseme mmekosea. Heshima yenu haitapungua, itaongezeka.

Vita vimetunyang'anya mashamba, mbuzi na nyumba. Akili ya kupima neno hatujanyang'anywa, na hiyo haihitaji gari la kuibeba. Jioni ya leo, jirani akikuonyesha simu yake na mkono unamtetemeka, usimcheke wala usimwamini haraka. Keti naye, msome pamoja, muulize pamoja. Kuuliza si ujinga.