ASKARI WA ZAMANI NA KAZI YA UJENZI

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfanyi kazi mmoja wa njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya askari wanaomaliza kazi ya jeshi na kuingia kazi ya kujenga: nyumba, barabara, madaraja na reli. Labda mmoja wenu atauliza, "Hilo ni shauri letu kwa namna gani?" Ni shauri letu kwa sababu watu hawa wanashika koleo kando yetu. Mshahara watakaoukubali wao leo, ndio tajiri atakaotuonyesha sisi kesho.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika vita ya 1939 mpaka 1945, watu weusi wa Kenya wapatao 98,000 waliingia jeshini. Si wote waliobeba bunduki. Wengi walikuwa katika vikosi vya kazi na vya mafundi, wakapasua barabara, wakachimba mitaro, wakajenga kambi na madaraja. Mwezi wa Desemba 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliingia mji wa Kalewa katika nchi ya Burma, na juu ya mto Chindwin likawekwa daraja la chuma la namna ya Bailey, urefu wake zaidi ya futi 1,100. Wakati ule hapakuwa na daraja jingine la namna hiyo lililolipita kwa urefu. Askari wetu walijionea kwa macho yao jinsi mto mkubwa unavyoshindwa na watu waliopangwa vizuri.

Waliporudi nyumbani waliona nini? Waliona kipande kinawangoja, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka 1947. Baadhi walipelekwa Kabete wakafundishwa ufundi. Lakini wengi waliambiwa kwamba ufundi wa jeshi ni wa jeshi, na huku nje wao ni vibarua tu. Na baba zao wa vita ya kwanza walikuwa wameona makubwa zaidi. Mwaka 1919 askari wazungu waligawiwa mashamba. Wapagazi wa Carrier Corps waliachiwa jina, ndilo hilo la Kariokor, ambalo sisi watu wa Nairobi tunalitaja kila siku bila kufikiri.

Mmoja wa askari hao wa Burma alikuwa Waruhiu Itote. Baada ya vita aliajiriwa katika reli, akawa mchochea moto katika injini ya gari la moshi. Baadaye aliingia msituni, akajulikana kwa jina la Jenerali China. Na baada ya Uhuru alikuwa miongoni mwa wakuu wa National Youth Service, iliyoanzishwa 1964, ambako vijana wengi wamejifunza uashi, useremala na kazi ya barabara. Basi tazameni: askari, mtu wa reli, kisha kiongozi wa vijana wanaojenga, na wote ni mtu mmoja.

Na hapa karibuni, mwaka 2020, njia ya reli ya kwenda Nanyuki iliyokuwa imekaa muda mrefu bila gari ilitengenezwa tena. Walioitengeneza ni watu wa reli, vijana wa N.Y.S. na askari wa Jeshi. Askari wale waling'oa mataruma yaliyooza, wakamwaga kokoto, wakanyosha njia. Mtu wa namna hiyo akivua sare, nani atasema hajui kazi?

Sasa nitataja mambo manne.

LA KWANZA ni cheti. Askari aliyejenga mabweni kwa miaka kumi anafika kwa kontrakta, naye anaulizwa, "Karatasi iko wapi?" Hana. Anaandikwa kibarua, apewe karai la mchanga, na yule anayemwamuru hajui kushika timazi. Ndugu zangu, dawa ya jambo hili ipo. Mtihani wa ufundi wa NITA, yaani Gredi ya 3, ya 2 na ya 1, unapima mikono ya mtu, na fundi aliyejifunza kazini anaweza kuufanya. Tena Mamlaka ya Ujenzi ya Taifa, iliyowekwa kwa sheria ya 2011, inaandikisha mafundi na wasimamizi wa ujenzi. Askari na afanye mtihani kabla hajarudisha sare, wakati mshahara wa jeshi bado unaingia. Akingoja mpaka aishiwe, ada ya mtihani itashindana na unga wa watoto.

LA PILI ni pensheni. Hapa ndipo penye mtego. Tajiri anamwambia askari wa zamani, "Wewe Serikali inakulipa kila mwezi, kwa hivyo chukua hii kidogo." Naye, kwa kuwa ana kitu cha kuanzia, anakubali. Kesho yake fundi mwenzake asiye na pensheni anaambiwa, "Fulani anafanya kwa bei hii, wewe una nini?" Nawaambia wazi: pensheni ni malipo ya siku ambazo mtu amekwisha kufanya kazi. Haina uhusiano wowote na tofali analolipanga leo. Sheria ya Kazi ya 2007 inasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua akiendelea na kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, asihesabiwe tena kama kibarua wa siku. Mambo haya tuwafundishe wageni wetu siku ya kwanza, kabla tajiri hajawafundisha yake.

LA TATU ni amri. Jeshini, amri hutimizwa, na maswali huja baadaye kama yakija. Tabia hii ina faida: askari anafika mapema, vyombo vyake ni safi, hamwachi mwenzake. Lakini mahali pa ujenzi tabia hiyo inaweza kumwua. Nyapara anasema, "Panda," na jukwaa limefungwa kwa kamba iliyochakaa. Kijana wa mtaani atasitasita, askari atapanda. Sheria ya Usalama Kazini ya 2007 inampa mfanyi kazi haki ya kutoa taarifa ya hatari na kuondoka penye hatari ya kweli, wala asifukuzwe kwa sababu hiyo. Askari na ajue kwamba kukataa jukwaa bovu si uoga wala si uasi. Mwashi aliye hai ndiye atakayemaliza ukuta.

LA NNE ni chama. Aliye jeshini haruhusiwi kuingia chama cha wafanyi kazi. Kwa hivyo anatoka akiwa mtu mzima ambaye hajapata kuhudhuria mkutano kama huu. Baadhi yetu wanamwita mtu wa Serikali na kumtenga. Nawasihi tusifanye hivyo. Uingereza, miaka ya 1920 na 1921, vyama vya mafundi wa ujenzi viliombwa vipokee askari wa zamani 50,000, vikakataa. Hofu yao ilikuwa na sababu, maana walijua njaa ya kukosa kazi na hawakuamini ahadi. Lakini askari nao walikuwa na njaa ile ile. Marekani njia nyingine imejaribiwa: tangu 2003 vyama vya mafundi wa ujenzi na waajiri wamekuwa na mpango uitwao Helmets to Hardhats, unaompeleka askari moja kwa moja katika uanagenzi, akijifunza huku analipwa. Huko askari anaingia kazini kwa mlango wa chama, na bei ya kazi haivunjwi.

Sisi hatuna mali kama yao, lakini tuna midomo na miguu. Naomba tawi hili lifanye mambo mawili tu. Kwanza, kila genge limchague mtu mmoja wa kumpokea askari anayekuja, amweleze juu ya mtihani, mshahara na usalama. Pili, makatibu wetu wakutane na wenzetu wa chama cha ujenzi, ili waombe pamoja kwamba ufundi uliofanywa jeshini uandikwe katika karatasi za mtu siku anapoaga.

Tuliosoma skuli za misheni tunakumbuka habari ya Nehemia. Watu wake waliujenga ukuta wa Yerusalemu wakiwa na kazi katika mkono mmoja na silaha katika mkono wa pili. Askari wa kwetu ameiweka silaha chini. Mkono ule sasa ni mtupu. Tukiuacha hivyo, tajiri ataushika kwa bei anayoitaka yeye. Afadhali tuushike sisi kwanza.

Nimemaliza.

UMOJA NI NGUVU.