Kitambaa Hakiishii Kwenye Rangi
(Maneno yetu siku ya sherehe ya miaka kumi)



Tuliombwa tuseme machache juu ya biashara. Tukaona tusiende mbali, tuanzie hapo Kihonda. Wakubwa mnakikumbuka kiwanda cha Polytex. Serikali ilikijenga kwa mkopo wa Benki ya Dunia, enzi zile Morogoro ilipopata pia viwanda vya viatu, ngozi na turubai. Viwanda vya umma vilipobinafsishwa, Polytex ikachukuliwa na kampuni ya Mohammed Enterprises, ikaitwa 21st Century Textiles. Ikatoa khanga, vitenge na mashuka.

Kampuni hiyo ni ya familia ya Dewji, watu wa Singida. Mzee Gulamabbas Dewji aliianzisha miaka ya 1970, kazi yake ikiwa kununua na kuuza bidhaa. Mwanawe Mohammed, aliyezaliwa 1975, akaingia baada ya kusoma Marekani. Kutoka kwenye uchuuzi wakafika kwenye viwanda. Hatusemi wao na sisi ni sawa. Wao walikuwa na mtaji, na kiwanda walikikuta kimejengwa kwa deni la taifa. Lakini jamani, mtaji ukiliwa wote, hata kiwanda cha bure hukiendeshi.

Sasa tuseme kazi yenyewe. Kitambaa kikitoka kwenye mashine ya kufuma hakifai kuchapwa. Kwanza huchomwa vinyweleo, huoshwa wanga, huchemshwa kwa kostiki kutoa mafuta ya pamba, kisha hupaushwa. Ndipo kinachapwa. Baada ya hapo rangi inakazwa, kitambaa kinafuliwa na kunyooshwa upana. Kumbe rangi ni hatua moja tu!

Sisi tulijifunza kwa aibu. Mwaka wetu wa tatu tulipata oda ya batiki za harusi. Tulikuwa na haraka, hatukuchemsha kitambaa, wala hatukukiacha kipate hewa vya kutosha baada ya kukitoa kwenye kostiki na haidro. Rangi ikachuja kwenye gauni la bibi harusi. Tulirudisha fedha, na hatukuwa na akiba ya kurudishia, kwa kuwa Desemba tulikuwa tumegawana yote. Mama mmoja wetu aliuza cherehani yake. Hatujamsahau.

Ndiyo maana leo tunaleta pendekezo: kila mwaka theluthi moja ya faida ibaki kwenye mfuko, tununue masufuria makubwa, meza ya kuchapia, na tuchimbe shimo la maji machafu ili rangi yetu isiishie Mto Ngerengere. Wenzetu wengine wanapinga, na hoja yao ni ya kweli: Januari ni mwezi wa shule, na mtoto hasubiri. Basi tulijadili bila kununiana, tupige kura, na litakaloamuliwa liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Miaka kumi tumepaka rangi. Iliyobaki tuikaze, isichuje.