Tairi Likipasuka Katika Mwendo wa Kasi



Mara nyingi mtu aliyeokoka katika ajali ya gari husema ya kuwa tairi lilipasuka ghafla. Neno hilo ni kweli kwa jinsi sikio lilivyosikia, lakini si kweli kwa jinsi tairi lenyewe lilivyoharibika. Mlio ni wa nukta moja tu, bali maradhi yake huwa yameanza kilomita nyingi nyuma, na pengine majuma mengi nyuma. Kwa hiyo mazungumzo haya yana sehemu mbili: jinsi dereva awezavyo kuyazuia maradhi hayo kabla ya safari, na jinsi impasavyo kutenda ikiwa mlio umekwisha kusikika.

Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa ni mfano mwema. Urefu wake ni kilomita zipatazo 480. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri huwa na baridi. Kadiri barabara iteremkavyo ndivyo joto lizidivyo. Na afikiriwe baba mmoja awapelekaye jamaa zake pwani kwa sikukuu. Mkewe ameketi mbele. Watoto watatu na nyanya yao wako nyuma. Masanduku yamejaa, na gunia la viazi limefungwa juu ya gari. Tairi la nyuma upande wa kushoto lilichomwa na msumari mdogo majuma matatu yaliyopita, nalo hupoteza upepo kidogo kidogo. Kwa macho laonekana zima. Baba analipiga teke mara moja, anaridhika, anaondoka.

Teke si kipimo. Tairi lililopungukiwa na robo ya upepo wake huweza kuonekana sawasawa na lililojaa, na mguu wa mtu hauwezi kulitambua.

Yafaa ijulikane ya kuwa kinachobeba uzito wa gari si mpira, bali ni upepo uliomo ndani yake. Upepo ukipungua, au mzigo ukizidi, mbavu za tairi hukunjwa kila zinapofika chini na kukunjuliwa kila zinapopanda juu. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa, kila tairi huzunguka kama mara 14 katika sekunde moja. Mtu akitaka kukata waya bila koleo, huukunja na kuukunjua upesi upesi. Akiugusa pale palipokunjwa atasikia moto, na mwisho waya hukatika. Ndivyo mbavu za tairi zifanyavyo kazi mchana kutwa. Joto lililozaliwa ndani hukutana na joto la lami na la jua, hata mpira ukaachana na nyuzi za chuma zilizomo ndani yake. Vipande vyeusi vya mpira vinavyoonekana kando ya barabara kuu ni ushahidi wa kutosha.

Hapa pana kosa moja ambalo baadhi ya madereva hulifanya kwa nia njema. Wakifika mahali pa joto huona upepo umepanda katika kipimo, wakadhani tairi litapasuka kwa kujaa mno, basi huupunguza. Watengenezaji wa matairi walikwisha kuhesabu kupanda huko. Upepo ukitolewa tairi lingali na moto, litabaki na upungufu, mbavu zitazidi kukunjwa, na joto litazidi badala ya kupungua. Dereva wa namna hii anakimbia moshi na kuingia motoni.

Jambo hili limewapata hata watu wa nchi tajiri. Mwezi wa Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone nchini Marekani ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yao yakiwa katika magari ya Ford Explorer. Ngozi ya juu ya matairi hayo ilikuwa ikibanduka katika mwendo wa kasi, na magari yakapinduka. Serikali ya huko ilihesabu vifo 271 katika ajali zilizohusishwa na matairi hayo, na malalamiko mengi yalitoka katika majimbo ya joto kama Texas na Florida. Kasoro za utengenezaji zilitajwa, na upepo mdogo, mzigo, joto na kasi vikatajwa pia. Mwaka huo huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na kwa sababu yake magari madogo mapya ya huko, tangu yale ya mwaka 2008, huwa na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Asiye na chombo hicho hana budi kuinama mwenyewe.

Basi kabla ya safari dereva na apime upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, pamoja na lile la akiba. Kipimo kipasacho kimeandikwa mara nyingi katika kibao kilichobandikwa penye mlango wa dereva, na gari likijaa watu na mizigo, kipimo huwa kikubwa zaidi. Aangalie ubavu wa kila tairi. Penye uvimbe au mkato, tairi hilo halifai kwa safari ndefu. Asome pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10, hata likiwa na meno mazuri, kwa sababu mpira huzeeka kama ngozi. Na pancha izibwe kwa ndani, baada ya tairi kuvuliwa na kukaguliwa. Tundu likiwa ubavuni, tairi hilo litupwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini ikiwa tairi limekwisha kupasuka, mambo yote humo mikononi mwa dereva. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita meta 28 kila sekunde, na hakuna nafasi ya kufikiri jambo jipya; lazima liwe limefikiriwa zamani. Mguu hutaka kukanyaga breki, nao ukatazwe. Breki zikikamatwa kwa nguvu, uzito wa gari hurukia mbele. Likiwa limepasuka tairi la nyuma, sehemu ya nyuma hupoteza mshiko na gari huzunguka. Likiwa la mbele, gari huvutwa upande wa tairi bovu kwa nguvu zaidi.

Dereva na ashike usukani kwa mikono miwili, aliweke gari katika mstari wake, wala asiukate usukani kwa pupa. Kisha aondoe mguu polepole katika kikanyagio cha mafuta, gari lipunguze mwendo lenyewe. Mwendo ukiwa mdogo kabisa, aguse breki taratibu na atoke nje ya barabara, penye udongo mgumu. Awashe taa za tahadhari. Abiria washuke upande usio na magari na kusimama mbali na barabara. Pembetatu nyekundu ziwekwe nyuma ya gari, mbali ya kutosha.

Yule baba wa kwanza, jua likiwa la utosi na Mtito Andei imekwisha kuachwa nyuma, atausikia mlio. Lori linakuja mbele yake, na garini mwake wamo watu watano wanaomtegemea, mmoja wao mtoto aliyelala mapajani mwa nyanya. Akikanyaga breki, gari huenda likageuka kumkabili lori. Akishika mikono imara na kuuzuia mguu wake, watoto watafika baharini kwa kuchelewa saa moja, wakiwa na vumbi na kiu.

Hata hivyo kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa rahisi kuliko zote: dakika tano za kuinama na kipimo cha upepo mkononi, alfajiri, kabla gunia la viazi halijafungwa.