Deni Lisilolipika: Hotuba Juu ya Rehema za Mungu

Katika Kiswahili neno kusamehe lina kazi mbili. Mwenye duka aweza kumsamehe mtu deni lililoandikwa daftarini, na mzazi aweza kumsamehe mwanawe kosa. Bwana Yesu naye, alipotaka kueleza rehema za Mungu, alisimulia habari za deni.

Petro alimwuliza yampasa mtu amsamehe nduguye mara ngapi, naye akadhani mara saba zatosha. Jibu alilopata ni mfano ulioandikwa katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Mtumishi mmoja alidaiwa na mfalme talanta 10,000. Wengi huisoma hesabu hiyo na kuipita tu, kumbe ndiyo kiini cha habari. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi deni lile lilikuwa sawa na siku za kazi 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kila mwaka, asile wala asivae kwa ujira wake, angehitaji miaka 200,000. Na hata hivyo yule mtu alipiga magoti akaahidi kulipa yote! Aliomba avumiliwe kwa muda. Mfalme akamfutia deni zima, jambo ambalo hakuthubutu hata kuliomba.

Alipotoka akamkuta mtumishi mwenziwe, mwenye deni lake la dinari 100. Hilo nalo si deni la mchezo. Ni ujira wa zaidi ya miezi mitatu, na mtu maskini hawezi kuupoteza bila uchungu. Mfano hausemi kwamba aliyekosewa hakupoteza kitu. Walipima tu deni hilo kando ya lile la kwanza. Yeye alimkaba koo mwenziwe, akamtia gerezani, na mfalme aliposikia akaitangua rehema yake.

Wako waulizao kama msamaha wa namna hii haumpi mwizi ruhusa ya kukaa na mali ya watu. Habari za Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, zawajibu. Yesu alikwenda nyumbani kwake kabla hajalipa hata senti moja. Ndipo Zakayo mwenyewe akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Malipo hayo hayakununua rehema, bali yalizaliwa nayo. Ndivyo ilivyokuwa pia katika uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na kufika Kabete mwaka 1937. Watu walioungama mbele ya wenzao walirudisha walivyoiba na kulipa madeni ya zamani.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mtoto wa uamsho huo. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ya Idi Amin ikatangaza ati walikufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe walikimbilia Rwanda kwa miguu, wakivuka milima. Moyo wake ukawa mgumu kwa chuki, wala si ajabu. Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka ule ule, akiwa kanisani mjini London, alisikia habari za Yesu akiwaombea msamaha waliompigilia misumari, akatambua kwamba naye yampasa kumsamehe Amin. Kisha akatoa kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nampenda Idi Amin. Jina hilo liliwashangaza wengi, hasa waliofiwa; lakini ndani yake mauaji yaliitwa mauaji, wala hakuna uovu uliofichwa. Mwaka 1979, Amin alipokwisha kupinduliwa, Askofu Kivengere alirudi Kigezi kwa watu wake, akawatumikia hata alipofariki mwaka 1988.