Dawa za Uchungu wa Uzazi



Katika Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, mwanamke aliyeshikwa na uchungu hakukosa mtu wa kumchemshia mizizi. Nyamrerwa, yaani mkunga wa Kijaluo, alizijua dawa za kuharakisha uzazi, na wapo wengi waliomshukuru. Lakini nani awezaye kupima nguvu iliyomo katika kikombe cha mizizi? Mji wa mimba ukisukumwa kupita kiasi huweza kupasuka, hasa wenye kovu la upasuaji.

Hospitalini iko dawa iitwayo oksitosini. Asili yake imo mwilini mwa mama mwenyewe. Bingwa Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda mwaka 1953, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Kabla ya mtoto kuzaliwa hutiwa mshipani tone kwa tone, mkunga akiusikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara. Mume amsihiye muuguzi apige sindano ili kazi iishe upesi aomba hatari, ingawa hajui. Mtoto akiisha kuzaliwa, mambo hugeuka: dawa ile ile, yuniti 10 kwa sindano moja, bila kukawia, ndiyo izuiayo damu. Na damu hiyo huua wazazi wengi kuliko jambo lingine lolote la uzazi.

Lakini oksitosini haivumilii joto. Yataka baridi ya digrii 2 hadi 8, na kando ya Ziwa umeme ukizimika hupoteza nguvu zake pasipo jicho kuona. Mahali pasipo na friji hutumiwa vidonge vya misoprostoli kuzuia damu. Hivyo navyo visinunuliwe dukani kuanzishia uchungu: kidonge kimoja kina maikrogramu 200, na kipimo cha kuanzishia ni 25 tu, yaani sehemu ya nane.

Tena iko dawa ya kutuliza uchungu uliokuja mapema, nayo ni nifedipini. Haiuzuii hata miezi itimie. Huupa muda wa siku mbili hivi, mama apate sindano za kukomaza mapafu ya mtoto na kufikishwa hospitali kubwa. Kwa hiyo mama wa kisiwa cha Mfangano ashikwaye kabla ya wakati asingoje kupambazuke. Na itafutwe mashua saa ile ile.