Usizifunike, Baba

Somo letu latoka katika Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 15, mstari wa 35 hadi 38. Aliye na Biblia karibu na aifungue.

Mwaka 2014 nilikuwa masomoni katika chuo cha theolojia kaskazini mwa Uingereza, pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka 6. Huko, mwezi wa Machi mchana huzidi kurefuka, lakini usiku sakitu bado huua miche michanga. Kwa hiyo mtu atakaye nyanya huzipanda kwanza ndani ya nyumba, penye dirisha lenye jua, naye huitoa miche nje karibu na mwisho wa Mei. Sisi tuliozoea kungoja mvua tulicheka: shamba sebuleni!

Nilipata kisanduku cha mbao, nikatoboa matundu chini ili maji yasituame, nikajaza udongo mwororo. Binti yangu akaweka mbegu moja moja, akizihesabu. Zilikuwa 24. Nikamwambia, "Sasa zifunike." Akarudisha mikono nyuma.

"Usizifunike, Baba. Zitakosa pumzi."

Ndipo nilipokumbuka. Mwaka mmoja kabla ya safari ile tulimzika ndugu yake mdogo, aliyekufa kwa homa ya mapafu. Binti alisimama kando yangu kaburini, akaona udongo ukitupwa. Hakuuliza neno, nasi tukadhani ya kuwa mtoto hafahamu. Nakiri mbele yenu: nimewafariji wengi waliofiwa, lakini huyu wa nyumbani mwangu sikumwambia neno lo lote.

Siku ile sikumhubiria. Nilizifunika mwenyewe, udongo mwembamba tu, kiasi cha nusu upana wa kidole, naye akanitazama kama mtu aliyekosewa. Kila asubuhi alikwenda dirishani kabla ya chai. Siku ya 3 nilimkuta amefukua mbegu mbili. Nilitaka kumkemea, lakini nilipomwona uso nikanyamaza. Mbegu zilikuwa zimefura kwa maji, basi. Tukazirudisha pamoja.

Siku ya 9 mche wa kwanza ulitokea. Mche wa nyanya hautoki umenyoka. Hutoka umepinda shingo, na pengine kichwa bado kimevaa ganda. Alitaka kulivua lile ganda, nikamzuia, maana majani hukatika. Lilainishe kwa maji, nalo litaanguka lenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ndugu yangu, Baba, atatoka lini?"

Wapenzi, nilikuwa nimefanya mtihani juu ya mlango huu huu, tena kwa Kiyunani, nikafaulu. Haukunisaidia kitu dirishani pale. Nilimwambia kweli, kwamba mbegu huwa hai hata ndani ya pakiti, yangoja maji na joto tu. Lakini ndugu yako alikufa kabisa, wala hakuna joto la dirisha liwezalo kumwinua. Atakayemwinua ni Mungu aliyemfufua Yesu, na siku yenyewe hakutuambia.

"Atakuwa mdogo vile vile?"

Hapo Paulo alinipa neno. Nikamwonyesha ule mche. "Wafanana na mbegu uliyoiweka?" Akasema, "La." Kisha akalia, nami nikalia naye, mara ya kwanza tangu maziko.

Miche iliyoota ilikuwa 19. Zile nafasi 5 alizijua zote, akazinyweshea maji pamoja na zile nyingine mpaka mwezi wa Mei, wala sikumkataza.

Natuombe. Ee Bwana, uwakumbuke leo wazazi waliozika watoto wao, na watoto waliosimama kaburini wasiambiwe neno. Utupe ujasiri wa kuketi nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.